Waulize Mafundi: Kompresa ya pili nayo imekufa

SWALI: Kompresa (pampu inayosukuma gesi) ya AC ya gari langu ilikwama. Fundi akaniwekea nyingine, akasafisha paipu kwa petroli, akazipuliza kwa upepo wa kujazia tairi, kisha akatia gesi. Baridi ilikuja, lakini baada ya wiki chache kompresa ikaanza kukereza na sasa nayo imekwama. Anataka nilete ya tatu asafishe tena. Nikubali? – Msomaji, Kondele, Kisumu

JIBU: Usikubali kabla hujabadilisha kondensa, ile rejeta ya AC inayopoza gesi ikitoka kwenye kompresa. Kompresa ikisagika, vumbi la chuma na alumini huchanganyika na oili likawa uji mweusi, na kondensa ndiyo inayoupokea kwanza. Chovya kitambaa cheupe kwenye tundu la kutolea gesi la kompresa iliyokufa. Kikitoka cheusi chenye vimeta-meta, umepata jibu. Kondensa za siku hizi zina mabomba bapa yenye vijitundu vyembamba mno. Dawa ya kusafishia hupita kwenye vilivyo wazi, vilivyoziba vikabaki vilevile, na siku kompresa mpya inapoanza kusukuma, uchafu hubanduka na kuizungukia. Nunua kondensa mpya, dreya mpya (kichujio kinachonyonya unyevu) na ekspansheni mpya (vali inayopunguza presha ya gesi). Ni gharama, tunajua, lakini kompresa ya tatu itakugharimu zaidi.

Vinavyosafishika ni evaporeta (ile ya ndani ya gari inayotoa baridi) na paipu zisizo na kichujio wala mafla (kizuia kelele) ndani. Kila kimoja kifunguliwe kisafishwe peke yake. Dawa imiminwe kupitia tundu la kutolea gesi, ikae dakika 10 hadi 15, kisha isukumwe kinyume na mkondo wa kawaida kwa nitrojeni kavu, kwa vishindo vifupi vya presha ndogo, itokee kwenye kitambaa cheupe. Rudia mpaka kitambaa kibaki safi. Hapo bado hamjamaliza: nitrojeni iendelee kupita mpaka harufu ya dawa iishe kabisa, kwa sababu dawa iliyobaki huifanya oili kuwa nyepesi na kompresa hukosa ulainisho.

Petroli ilikuwa hatari tupu. Mvuke wake ukikutana na upepo wa presha unaweza kulipuka mikononi mwa fundi, na masalia yake huharibu oili na mpira. Upepo wa tairi nao una maji, na oili ya PAG, inayotumika kwenye AC nyingi za magari, hufyonza maji upesi.

Kuhusu oili, kompresa nyingine huuzwa ikiwa na oili ya mfumo mzima, nyingine na kiasi kidogo tu. Imwageni ipimwe. Mfumo ukishasafishwa wote, rudisheni kipimo kamili cha mtengenezaji. Kikiwa mililita 120, tieni nusu kwenye kompresa na nusu nyingine mgawanye kati ya kondensa, evaporeta na dreya. Zungusheni kompresa kwa mkono mara 10 kabla ya kuwasha injini, oili isije ikaikwamisha. Oringi zote (pete za mpira za kwenye maungio) ziwe mpya, zipakwe oili hiyohiyo. Gesi ipimwe kwa mizani kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Kwa joto la Kisumu, gesi ikizidi presha hupanda na baridi hupungua.

SWALI: Pampu yangu ya vakyumu, ya kunyonya hewa na unyevu kwenye AC kabla ya kutia gesi, haifikishi inchi 29 za zebaki kwenye geji, huishia 24. Imechoka? – Fundi, Nakuru

JIBU: Pampu yako ni nzima. Inchi 29 ni hesabu ya Mombasa, kwenye usawa wa bahari. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu, hewa ni nyepesi, na geji ya sindano haiwezi kupita 24 hivi. Kisumu, mita 1,130, itafika kama 26. Ukipata geji ya maikroni, inayopima hewa kidogo iliyobaki ndani, utaacha kubahatisha: shusha hadi chini ya maikroni 500, ukivuta angalau dakika 45, kisha funga vali usubiri dakika 20. Ikipanda kidogo ikatulia, kuna unyevu, endelea kuvuta. Ikipanda bila kukoma, kuna mahali panavuja. Patafute kwa nitrojeni na povu la sabuni, kamwe usitumie oksijeni.

SWALI: Gari langu ni haibridi. Oili yoyote ya AC itafaa? – Msomaji, Kakamega

JIBU: Hapana. Kompresa yake huendeshwa na umeme wa volti nyingi, na oili ya PAG hupitisha umeme, hivyo koili huvuja umeme na gari likakataa kuwaka. Tumia oili ya POE (aina isiyopitisha umeme kwa urahisi) aliyoitaja mtengenezaji, kwa mfano ND-11 kwa kompresa nyingi za Denso. Hata hozi za mashine ya kujazia gesi zisiwe na mabaki ya PAG, na nyaya za rangi ya chungwa ziguswe na fundi aliyefunzwa haibridi tu.