Uliza Mama Karani: Barabara aliyoahidi mbunge iko mikononi mwa nani?

Safu hii huandikwa na karani mstaafu wa baraza la wilaya moja huko West Nile, Uganda. Barua zimefupishwa.

*Salaam aleikum, Mama. Mimi ni mwendesha boda hapa Oli, Arua. Wakati wa kampeni mbunge wetu alituapia kwamba barabara yetu itamwagwa murram. Mpaka leo mvua ikinyesha nashuka naisukuma pikipiki. Tukimuuliza anasema serikali haijatoa pesa. Je, tunaweza kumtoa kabla ya miaka mitano?*

Aleikum salaam, mwanangu. Kumtoa kwa saini zenu, hapana. Watu wengi wanakijua kifungu cha 84 cha Katiba ya 1995, kile kinachowapa wapiga kura haki ya kumvua mbunge wao ubunge, lakini hukisoma nusu. Mwishoni kinasema haki hiyo ipo tu wakati nchi inaendeshwa kwa mfumo wa Movement, ule wa kugombea bila vyama, na mfumo huo tuliuaga kwa kura ya maoni ya Julai 2005. Kinachoweza kumtoa leo ni mahakama, au akihama chama kilichompeleka bungeni, au akikosa vikao 15 bila ruhusa ya maandishi ya Spika. Hicho cha mwisho kifuatilie. Kwa wengine si mbali.

Sasa barabara. Mbunge wako alikuahidi mali isiyo yake. Arua ni jiji tangu Julai 2020, kwa hiyo fedha za barabara za mtaa wenu zinatoka kwa saini ya karani wa jiji. Ungekuwa kijijini, saini ingekuwa ya CAO, ofisa mtendaji mkuu wa wilaya. Hao ndio wanaoidhinisha malipo, na hao ndio wanaoitwa kujibu Mkaguzi Mkuu wa Hesabu akipita. Mbunge hana hata ufunguo wa greda la kuchonga barabara. Na akitaka kuleta muswada wake mwenyewe wa kuidai hazina pesa, kifungu cha 93 kinamzuia: mambo ya kodi na ya fedha za hazina huletwa na serikali tu.

Usimwonee huruma, lakini. Kuna nguvu anayo, tena kubwa, ila ina majira yake. Sheria ya fedha za umma ya 2015 inaitaka serikali ipeleke bungeni andiko la mwelekeo wa bajeti kabla ya tarehe 31 Desemba. Wabunge wanalipitisha kufikia Februari 1. Bajeti yenyewe inapitishwa kufikia Mei 31. Ile hotuba ya Juni mnayoisikiliza redioni na kubishana juu yake kijiweni inasomwa wakati mambo yameshakwisha. Basi mbunge akikwambia Septemba kwamba serikali haijatoa pesa, muulize Januari alikuwa kwenye kamati gani, na alisema nini kuhusu Arua. Maneno yote ya bungeni yanaandikwa, hawezi kukwambia hakumbuki.

Na ninyi pia. Miaka yote niliyoandika kumbukumbu za baraza, mkutano wa bajeti wa wilaya ulikuwa unafanyika kabla ya Krismasi, wazi kwa kila mtu. Viti vya wananchi vilikuwa vinakaliwa na wazee wachache waliofuata soda na sambusa. Wakandarasi, hao, hawakukosa hata mmoja.

*Habari yako, Mama. Nauza samaki Busia mjini. Mwenyekiti wa LC5, yaani baraza la wilaya, alikuja sokoni akatuambia tusihame. Jioni RDC, kamishna mkazi wa wilaya, akatangaza redioni kwamba tuhame. Mkubwa ni nani?*

Njema, dada yangu. Mwenyekiti mmempigia kura ninyi. RDC ameteuliwa na Rais kwa kifungu cha 203, na Rais ndiye anayemwondoa, wakati mwingine kwa tangazo analolisikia redioni kama wewe. Kwa maandishi, kazi yake ni kumwakilisha Rais, kufuatilia huduma za serikali kuu na kumshauri mwenyekiti katika mambo ya kitaifa. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba anapanga soko. Lakini ndiye mkuu wa kamati ya usalama ya wilaya, kamanda wa polisi yuko mezani kwake, kwa hiyo akisema hameni, anayekuja asubuhi amevaa buti. Ndiyo maana mnamwogopa kuliko mwenyekiti.

Yuko wa tatu ambaye hukumtaja: CAO. Mwenyekiti hawezi kumfukuza, kwa sababu tangu marekebisho ya Katiba ya 2005 anaajiriwa na Tume ya Utumishi wa Umma kule Kampala. Nimeona mwenyekiti akipiga meza mpaka glasi zikaruka, na CAO akaendelea kunywa chai yake.

Nguvu ya mwenyekiti iko pengine. Kamati yake ya utendaji ndiyo inayopendekeza majina ya Tume ya Utumishi ya Wilaya, wale wanaoajiri walimu wa msingi, wauguzi na makarani. Mwenyekiti mjanja hupigania majina hayo kabla ya kitu kingine chochote. Ukitaka kujua nani anatawala wilaya yenu, tazama watoto wa nani wanapata kazi.

Kuhusu soko lenyewe, nendeni baraza la manispaa, kwa sababu hilo ndilo linalotoza ushuru wenu. Ombeni azimio kwa maandishi. Mkiwa nalo, RDC atalazimika kueleza kwa maandishi vilevile.

*Mama, mbunge wetu hakufika kwenye mazishi ya shemeji yangu, wala hakutuma bahasha. Nimnyime kura?*

Pole kwa msiba. Kura ni yako, mpe umtakaye. Lakini kaa kidogo tupige hesabu. Ada ya kugombea ubunge ilikuwa shilingi 200,000. Mwaka 2015 ilipandishwa ikawa milioni 3, na hiyo ndiyo sehemu rahisi. Kuna kura za mchujo za chama, ambazo sehemu nyingi ndizo uchaguzi wenyewe. Kuna mafuta, fulana, redio, na vijana wa kulinda vituo. Watu huuza viwanja, hukopa kwa wenye riba. Kisha anafika bungeni, na ninyi mnampanga foleni ya majeneza, karo na michango ya harusi.

Atarudisha wapi? Kifungu cha 85 kinaliachia Bunge lenyewe liamue wabunge walipwe nini. Na mwaka 2017, muswada wa kuondoa ukomo wa umri wa Rais ulipoletwa, kila mbunge alipewa shilingi milioni 29 za kwenda kushauriana na wapiga kura. Wachache wa upinzani walizirudisha. Desemba 20 wabunge 317 walisema ndiyo, 97 wakasema hapana. Wakati huohuo walijiongezea miaka miwili ya kukaa bungeni, mpaka mahakama iliyokaa Mbale ikawanyang'anya Julai 2018.

Bahasha ya shemeji ingetoka kwenye mfuko huo. Mimi ningemnyima kura kwa lile la miaka miwili kwanza.

*Shikamoo Mama. Ni mwanafunzi, Bombo. Mwalimu anasema wabunge wanawadhibiti mawaziri. Mbona mawaziri wenyewe ni wabunge?*

Marahaba. Umeliona. Rais huteua mawaziri, Bunge huwaidhinisha, na wengi hutoka humohumo bungeni. Katiba iliweka mawaziri 21 na mawaziri wa nchi 21, ila Bunge likikubali wazidi. Likakubali. Baraza la mawaziri lililoapishwa 2021 lilikuwa na zaidi ya 80. Kila mbunge wa chama tawala anayetazama orodha hiyo anajua nafasi ni nyingi. Raphael Magyezi wa Igara Magharibi ndiye aliyeleta ule muswada wa umri, na Desemba 2019 akateuliwa Waziri wa Serikali za Mitaa. Sisemi moja lilizaa jingine. Nakupa tarehe tu.

Silaha ya kumng'oa waziri ipo, kifungu cha 118: theluthi moja ya wabunge wasaini, kisha zaidi ya nusu ya wote wapige kura. Ilitumika kwa Jim Muhwezi mwaka 1998 na Sam Kutesa mwaka 1999. Muhwezi baadaye akawa Waziri wa Afya, Kutesa Waziri wa Mambo ya Nje. Kwa insha yako, tafuta kumbukumbu za mijadala hiyo miwili maktaba ya Bunge, na uandike ni wabunge wa chama gani walioianzisha. Mwalimu wako atakuuliza vyama vilikuwa wapi miaka hiyo, na hapo insha itaanza.