Weka hilo nanasi chini kwanza

Mkuu, simama hapo hapo ulipo. Unasema kesho usiku utasaga nanasi na embe pamoja na maziwa ya soya, utie mbegu ya mtindi (yaani bakteria hai wa kugandisha), ufunge chupa, ulale, uamke na yogati ya matunda isiyo na maziwa ya ng'ombe. Halafu unauliza kama tui la nazi lingefaa zaidi, sukari iingie lini, na itakaa siku ngapi kwenye friji. Hayo mengine yasubiri. Hilo nanasi ndilo litakalokuliza.

Najua kwa sababu mimi nimeshalia. Mpwa wangu ana mzio wa maziwa, na siku yake ya kuzaliwa nikajitia ubingwa: mjomba ndiye atakayetengeneza yogati ya wageni wote. Lita nne za maziwa ya soya, kazi ya mikono tangu kuloweka, kusaga, hadi kukamua kwa kitambaa viganja vikawaka moto. Mananasi mawili yameiva, yananukia nyumba nzima. Nikafuata video ya mpishi mmoja mwenye jiko linalong'aa kama chumba cha upasuaji: "Saga vyote pamoja, funika, lala salama, asubuhi ni raha tu."

Raha! Asubuhi chini kuna maji ya manjano, juu yanaelea mabonge. Nikaonja. Shubiri ina nafuu.

Ningeishia hapo, hasara ingekuwa lita nne na aibu kidogo. Lakini kichwa changu kikaniambia mbegu ilikuwa imekufa. Nikatafuta mbegu nyingine, nikaitia mara mbili ya kipimo, nikakamua lita tatu mpya, na nanasi nikaongeza ili lifiche uchungu. Soma tena sentensi hiyo, mkuu: niliongeza nanasi. Likaja lile lile, chungu zaidi. Usiku wa tatu nikashutumu joto, nikanunua kipimajoto. Kizuri sana, nashukuru, sasa najua kwamba nilikuwa naharibu maziwa kwa nyuzi 43 kamili.

Siku ya sherehe watoto walikula tikiti maji. Dada yangu hadi leo akiniona nimeshika mwiko huniuliza kama niko salama.

Sasa sikiliza kilichokuwa kinatokea. Nanasi ambalo halijapikwa lina kimeng'enya kinaitwa bromelini, na kazi yake ni kukatakata protini. Ndiyo sababu nyama ikilazwa kwenye juisi ya nanasi inalainika. Soya huganda na kuwa mtindi kwa sababu protini zake hushikana pale bakteria wanapoongeza ukali. Wewe unaingiza mkasi humo humo, kisha unauweka kwenye joto ambalo mkasi huo unalipenda kwa saa nane au zaidi. Vipande vya protini vinavyobaki ndivyo vyenye ule uchungu. Papai lina cha kwake, papaini, na kiwi nayo ina cha kwake. Bromelini hufa ukilichemsha nanasi. Papaini ni sugu zaidi kwa joto, kwa hiyo papai mimi nimeliacha kabisa, sina nguvu za vita vya pili.

Na yule mpishi? Nilimwandikia chini ya video yake. Akanijibu "mbegu yako mbovu", kesho yake maoni yangu yakafutwa. Nikairudia ile video kwa hasira, nikaisimamisha kila sekunde chache kama mpelelezi, na kule pembeni ya sinki nikaona kopo. Kopo! Nanasi lake lilikuwa la kopo, limeshapikwa kiwandani, kimeng'enya kilikufa zamani. Kwa hiyo yogati yake iliganda kweli, ila hakuona haja ya kututajia kitu kimoja tu kilichofanya igande. Lita saba, mkuu. Kwa sababu ya kopo lisilotajwa.

Usije ukaniambia basi utatia embe peke yake. Embe ni pole kwa protini, lakini tunda lolote ambalo halijapikwa huja na hamira za porini kutoka kwenye ganda, na sukari yake ni karamu kwao. Chupa yangu moja niliyoisahau mezani, nimeikaza kifuniko, ilifyatuka siku ya pili na kupaka dari rangi ambayo haijatoka. Ilinukia pombe. Mpwa wangu alikuwa anatimiza miaka sita.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: tunda haliingii mpaka mtindi umeshaganda na kupoa, na nanasi haliingii mpaka limepikwa. Chemsha maziwa ya soya, yaache yapoe hadi kati ya nyuzi 40 na 45. Ukitia mbegu yakiwa yanaunguza kidole, utawaua bakteria, na hapo kweli utaruhusiwa kulaumu mbegu. Vijiko viwili vya yogati hai ya soya isiyo na ladha vinatosha lita moja. Kama ni kwa mtu mwenye mzio, soma maandishi ya pakiti hata kama ni mbegu ya unga, kwa sababu nyingine zimekuzwa kwenye maziwa na mabaki yake yamo. Funika, weka pahali pa joto, usikoroge, usitikise, usichungulie kila saa kama mimi. Ikishaganda, friji usiku kucha. Wakati huo ndipo unapika matunda yako na sukari kidogo hadi yawe mazito, nayo yapoe kabisa, ndipo uchanganye kwa kijiko, si kwa blenda. Blenda itakurudishia uji.

Tui la nazi ni habari nyingine: protini yake ni kidogo, litachachuka vizuri lakini halitaganda lenyewe. Lipike kwanza na konifulawa, ule wanga wa mahindi wa kuzidisha uzito, kabla ya kulipoza na kutia mbegu. Na hata huko, usinitilie nanasi mapema.

Ulikuwa na swali jingine, la sukari nadhani. Limenitoka, nimepandwa na hasira upya baada ya kukumbuka lile kopo. Kama umeshalimenya hilo nanasi, ulile lote usiku huu, lisilale ndani ya nyumba moja na hiyo soya.