Ukinzani wa Bi₂Se₃ kushuka na baridi bado si ushahidi wa hali ya uso

Mwenzetu wa Mombasa anauliza: amebandua kipande cha Bi₂Se₃ (bismuthi selenidi, fuwele ambayo ikiwa safi ndani haipitishi umeme ila usoni hupitisha) chenye unene wa milimita 0.1, akakipima kwa ncha nne (mbili za mkondo, mbili za volti), na ukinzani ukawa unashuka kadiri anavyokipoza. Je, ndizo elektroni za uso hizo, yaani "hali ya uso"?

Kwa kipimo hicho, la. Pengo la nishati la Bi₂Se₃, yaani nishati ambayo elektroni za ndani zinahitaji ili zipitishe umeme, ni takriban 0.3 eV (elektronivolti), hivyo fuwele safi ingepitisha umeme usoni tu. Shida ni seleniamu: hutoroka wakati fuwele inakuzwa, na kila nafasi inayoacha humwaga elektroni 2 ndani. Fuwele za kawaida hubeba elektroni 10¹⁸ hadi 10¹⁹ kwa sentimita ya ujazo. Zidisha kwa unene wako, unapata 10¹⁶ hadi 10¹⁷ kwa sentimita ya mraba. Uso mmoja una kama 10¹³. Unachopima ni tumbo la fuwele.

Jaribu unene. Chukua vipande viwili vya fuwele moja, urefu na upana sawa, kimoja nusu ya unene wa kingine. Ukinzani ukiwa maradufu kwenye chembamba, umeme unapita ndani. Ukibaki karibu uleule, hapo kuna neno. Ila usishuke chini ya nanomita 6 hivi: nyuso mbili huanza kuingiliana na pengo hufunguka hata usoni.

Angalia pia volti za joto. Jamii hii ya fuwele ndiyo inayotumika kwenye vipoza-umeme vidogo, kwa hiyo ncha moja ikiwa na joto kuliko nyingine, voltimita husoma volti ambazo mkondo wako haukuzileta. Geuza mkondo, pima tena, toa, gawa kwa 2.

Hewa ya pwani nayo haina huruma. Bandua upya kwa selotepu na upime papo hapo, au hifadhi kwenye chombo kilichotolewa hewa. Silika jeli hukausha tu, oksijeni inabaki. Uso uliokaa hewani hupinda bendi zake (ngazi za nishati za elektroni), na chini yake hutokea tabaka la elektroni za kawaida ambalo ni rahisi kulidhania ndilo unalotafuta.

Ukipata nafasi ya kubadilisha fuwele, chukua Bi₂Te₂Se, ndugu yake yenye teluriamu. Iliyokuzwa vizuri, ukinzani wake hupanda unapoipoza, kisha hutulia kuelekea 4 K (kelvini 4, kama nyuzi −269 za Selsiasi). Hapo rudia jaribio la unene, maana uchafu ndani ya fuwele nao unaweza kuutuliza.