Jibu: Kozi yangu ya mtandaoni, watu wanaishia katikati

Habari mwalimu. Umesema umegeuza maandalio yako ya somo kuwa kozi ya slaidi 40 kwa wahudumu wa wateja, na wengi hawaimalizi. Kagua malengo kwanza. Lengo kama "Aelewe malalamiko" halipimiki. Andika "ajibu lalamiko la mteja kwa kufuata utaratibu". Kisha tunga zoezi la mwisho kabla ya kugusa slaidi. Slaidi isiyomsaidia mtu kulifanya zoezi hilo, iondoe, hata kama unaipenda sana. Darasani ulikuwepo kufafanua. Kwenye skrini haupo, kwa hiyo mtu akichagua jibu baya kwenye zoezi, lioneshe matokeo yake: mteja kakata simu, na sababu. "Umekosea" peke yake halifundishi. Mwisho, mpe mtu aijaribu kozi, wewe ukae kimya na kuandika kila anaposita.