Maswali ya Jikoni: Kashata za Kugawa Krismasi

Nataka kuwagawia majirani kashata za karanga Krismasi hii, lakini kila nikipika sukari hurudi chenga, au kashata hunata menoni. Nakosea wapi? (Msomaji, Morogoro)

Hayo ni makosa mawili tofauti. Chenga hutokea ukiendelea kukoroga baada ya sukari kuyeyuka, au punje zilizoganda kingoni mwa sufuria zikidondokea ndani. Chache tu hutosha kuigeuza shira yote. Kunata maana yake uliepua mapema, maji yakiwa bado hayajaisha.

Chukua karanga nusu kilo, sukari gramu 400, maji nusu kikombe, maji ya ndimu kijiko kimoja cha chai, iliki ya kusaga nusu kijiko cha chai na chumvi kidogo. Karanga zichambue kwanza. Zenye ukungu, zilizosinyaa au kubadilika rangi tupa, kwani sumu ya ukungu haiondoki kwa kukaangwa. Zilizobaki zikaange bila mafuta kwa moto mdogo, pekecha maganda, pepeta, kisha ziache karibu na jiko zisipoe. Karanga za baridi hugandisha shira kabla hujamaliza kuchanganya.

Bandika sukari, maji na ndimu, koroga mpaka sukari iyeyuke, halafu weka mwiko pembeni. Kingo zifute kwa brashi iliyolowa maji. Ndimu husaidia sukari isirudi chenga, kwa hiyo usiiache. Shira ikifikia rangi ya asali, dondoshea tone kwenye maji baridi: likivunjika kwa mlio, tayari, likipindika, ongeza dakika moja upime tena. Ukiona moshi, umechelewa, itakuwa chungu.

Tia chumvi, iliki na karanga, geuza haraka, mwaga kwenye trei ya sentimita 25 kwa 30 iliyopakwa mafuta, sawazisha kwa chupa iliyopakwa mafuta. Kata ingali ya moto. Ikipoa haikatiki, inavunjika ovyo. Watoto wakae mbali na jiko, maana shira hugandia ngozini na huunguza kuliko maji yanayochemka.

Kipimajoto changu kilisoma nyuzi 118 kama mapishi yalivyosema, lakini tofi za maziwa zilitoka ngumu mno. Je, ni kibovu? (Msomaji, Nairobi)

Huenda ni kizima. Kwenye mwinuko wenu maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95, si 100, kwa hiyo kwa joto lilelile shira yako imeshapoteza maji mengi kuliko ya mtu wa Mombasa. Chemsha maji matupu, soma kipimo, na tofauti yake na 100 ipunguze kwenye mapishi. Wewe ungeepua kwenye 112 au 113. Tone la tofi kwenye maji baridi lifanye kidonge kinachobonyea kwa vidole lakini kisitandike.

Kashata za nazi nizipike mapema kiasi gani? Na naweza kuzipakia pamoja na za karanga? (Msomaji, Tanga)

Za nazi mbichi pika tarehe 23 au 24, si kabla. Nazi ina maji na mafuta, na kwa joto la pwani huanza kuchacha upesi. Nazi kavu ya pakiti hukupa siku zaidi, ingawa utamu wake si ule. Za karanga unaweza kuzipika wiki mbili kabla, mradi kopo lifunge barabara.

Kuzichanganya, hapana. Unyevu wa nazi utahamia kwenye za karanga na asubuhi utakuta zote zinanata. Funga kila aina peke yake kwa karatasi ya kuokea, zikiwa zimepoa kabisa. Zikifungwa na uvuguvugu hutoa jasho. Juu ya kopo andika "Ina karanga". Wapo ambao hata kipande kidogo huwadhuru.

Ubuyu wangu unalowa kabla ya kufika kwa mwenyewe. (Msomaji, Dar es Salaam)

Umeepua shira ikiwa bado nyepesi. Ipike mpaka ivute uzi kati ya vidole, tia ubuyu, epua, kisha geuza bila kupumzika mpaka kila kokwa ijitenge na sukari ikauke juu yake. Hapa, tofauti na karanga, chenga ndiyo unayoitaka, kwa hiyo ndimu usitie. Usianike siku ya mvua.