Uliza Fundi: Kiwanda kikiita gari lako

Toleo lililopita niligusia kwa aya moja tu habari ya viwanda kuita magari yao yarudishwe ili kasoro ya usalama irekebishwe. Barua zimemiminika. Nyingi zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: kama gari linakwenda vizuri, kuna haja gani ya kujisumbua? Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Shikamoo mama. Nina gari la mwaka 2004, nililinunua likiwa limetumika Japani. Halijawahi kupata ajali na sikosi huduma. Rafiki yangu ananiambia mfuko wa hewa ulio kwenye usukani unaweza kuniua. Fundi wangu amewasha ufunguo mbele ya macho yangu, taa ya mfuko wa hewa ikawaka, ikazimika, akasema gari ni zima. Nimsikilize nani?
*Mwenye gari la fedha*

Marahaba mwanangu. Kwa hili msikilize rafiki yako, na ufanye haraka.

Mfuko huo hauna hewa iliyohifadhiwa tayari. Nyuma ya kifuniko cha usukani kuna mtungi wa chuma, mdogo, bapa, unaoenea kiganjani. Ndani yake kuna vidonge vya kemikali. Gari likigonga, umeme unaviwasha, vinaungua na kutoa gesi, na mfuko unajaa kukukinga kabla hujapepesa jicho. Kampuni ya Takata ya Japani, iliyowauzia mifuko hii watengenezaji wengi wa magari, ilitumia nitrati ya amonia. Kemikali hiyo hunyonya unyevu, na mitungi mingi haikuwekewa kitu cha kuukausha. Mchana gari linapata joto, usiku linapoa, kesho yake tena, miaka nenda miaka rudi. Vidonge vinachakaa na kumomonyoka. Siku vikiwashwa vinaungua kwa kasi kupita kiasi, chuma kinashindwa kuhimili shinikizo na kupasuka, na vipande vyake vinatoboa mfuko na kumfikia dereva shingoni, usoni au kifuani.

Mwaka 2009, katika jimbo la Oklahoma huko Marekani, msichana wa miaka 18 aligongana na gari jingine kwenye maegesho ya shule. Ulikuwa mgongano mdogo, wa kushuka na kutazama rangi iliyochubuka. Alikufa kwa jeraha la shingo. Nawaomba mkumbuke kwamba hakukimbiza gari na hakukosa huduma.

Honda ilianza kuita magari kwa sababu ya mitungi hii mwaka 2008, na orodha ikakua hadi ikafika mitungi takriban milioni 67 Marekani peke yake, na kama milioni 100 duniani kote. Takata yenyewe ilifilisika mwaka 2017. Kwa baadhi ya magari ya Honda na Acura (jina jingine la magari ya Honda) ya miaka ya 2001 hadi 2003, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilisema uwezekano wa mtungi kupasuka mfuko ukifumuka unaweza kufika asilimia 50, ikawaambia wenye magari hayo wasiyaendeshe isipokuwa kuyapeleka yakatengenezwe.

Sasa ile taa. Fundi wako hakukudanganya, ila taa haijui unachokiogopa. Kompyuta ya gari inapima waya tu: ikiona njia ya umeme haijakatika, inaizima taa. Haina namna ya kuona hali ya vidonge ndani ya chuma kilichofungwa. Hata mimi nikiushika mtungi huo mkononi, ukiwa mzima au umeoza ndani, siwezi kuutofautisha. Hiyo ndiyo sababu hatungoji dalili. Kinachotuongoza ni namba ya chesisi na orodha ya kiwanda.

Angalia na upande wa abiria, kwa maana wakati mwingine ni mfuko wa kushoto tu ulioitwa, au wa kulia tu, au yote miwili. Na kama aliyekuwa na gari kabla yako alishabadilishiwa mtungi, bado uliza, kwa sababu baadhi ya magari yaliwekewa mtungi mpya wa aina ile ile kwa muda tu, na yakaitwa mara ya pili. Ikithibitika kuwa ni upande wa abiria peke yake, usimkalishe mtu kiti hicho mpaka kazi ifanyike. Ikiwa ni wa dereva, liegeshe gari.

Tafadhali usikubali mtu auchomoe mfuko huo gereji ya kawaida ili "kuondoa hatari". Mtungi ule ni kilipuzi. Umeme mdogo tu ukipita pasipotakiwa unatosha kuuwasha ukiwa mapajani mwa fundi.

Namba ya chesisi naiona wapi, na je, matengenezo nalipa mimi? Gari si jipya na mimi ni mmiliki wa tatu.
*Mmiliki wa tatu*

Wito unalifuata gari, haumfuati mnunuzi wa kwanza. Uwe wa tatu au wa saba, ni lako. Kasoro ya usalama iliyotoka kiwandani hurekebishwa na kiwanda bila malipo. Marekani, ambako sheria ya mambo haya ni ya mwaka 1966, haki hiyo ya bure inadumu miaka 15 tangu gari liuzwe mara ya kwanza. Nchi nyingine zina utaratibu wake, lakini mwandikie wakala wa kiwanda hata kama gari lako ni kuukuu.

Namba ipo kwenye kadi ya gari, na kwenye magari mengi imepigwa kwenye dashibodi chini ya kioo cha mbele upande wa dereva, au kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wake. Tangu 1981 magari ya soko la Marekani yana alama 17, na hutakuta humo herufi I, O wala Q, zisije zikachanganywa na 1 na 0. Ukiiandika na ukaona O, ni sifuri.

Kwa magari yaliyotengenezwa kuuzwa ndani ya Japani mambo ni tofauti, na hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa bure. Namba yao ni fupi: herufi na tarakimu za aina ya gari, kistari, kisha namba ya mfululizo. Ukiiingiza kwenye ukurasa wa mtandao wa Marekani wa kutafutia magari yaliyoitwa, utaambiwa si sahihi. Haina maana kwamba gari lako ni salama, ina maana umeuliza mlango usio wake. Tumia ukurasa wa kiwanda husika wa Japani, ambao unapokea namba hizo, au mpe wakala akutafutie. Mwambie akujibu kwa maandishi.

Mama fundi, gari langu limezimika mara mbili nikiwa mwendoni. Yote mawili goti liligusa funguo. Nina funguo nyingi kwenye pete moja, pamoja na sanamu ya chuma ya mwanangu. Mume wangu anasema ni mafuta machafu.
*Mama wa Pili*

Dada yangu, anza leo: bakiza ufunguo wa gari peke yake kwenye swichi. Sanamu ya mtoto weka mkobani.

Habari yako inafanana sana na ya Chevrolet Cobalt na Saturn Ion, magari ya General Motors. Ndani ya swichi ya ufunguo kuna kipini kinachosukumwa na springi, ndicho kinachoushikilia ufunguo usirudi nyuma. Springi ile ilikuwa dhaifu. Pete nzito, shimo barabarani au goti, ufunguo unateleza kutoka kwenye kuwasha. Injini inazimika, usukani unakuwa mzito, na baya kuliko yote, mifuko ya hewa inakosa umeme. Mtu anagonga na mfuko haufumuki.

Mwaka 2014 kampuni iliita magari milioni 2.6. Mfuko wa fedha za fidia kwa waathirika ulikubali madai ya vifo 124. Nilipoisoma habari hii, kilichoniumiza kuliko tarakimu ni namna ilivyogundulika. Wahandisi wa kampuni walikuwa na malalamiko ya ufunguo kuteleza tangu miaka ya mwanzo. Kisha kipini kikarefushwa na springi ikaongezwa nguvu, lakini namba ya spea ikaachwa ile ile. Kwa hiyo swichi mbovu na swichi nzuri zilikuwa na jina moja. Ilibidi mhandisi aliyeajiriwa na mawakili wa familia iliyofiwa na binti anunue swichi mpya dukani, aifungue, na kuiweka kando ya ile ya gari la ajali, ndipo akaona vipini havilingani urefu. Kubadilisha kifaa cha usalama bila kubadilisha namba yake ni kumficha fundi ukweli, na familia zikalipa.

Likizimika tena ukiwa mwendoni, usikanyage na kuachia breki mara kwa mara. Nguvu ya kusaidia breki iliyobaki inatosha kukanyaga mara moja au mbili tu. Kanyaga kwa nguvu na ushikilie. Usukani utakuwa mzito lakini unageuka, ilimradi hujauchomoa ufunguo. Weka gia kwenye N, sogea pembeni. Kisha peleka namba ya chesisi kwa wakala na umweleze habari ya goti, neno kwa neno. Mafuta machafu hayangojei goti.

Nimepata barua inasema nisiegeshe gari ndani ya banda. Gari likiwa limezimwa linawakaje?
*Asiyeelewa*

Kuzima ufunguo hakukati umeme wote. Kuna vifaa vinavyopata umeme wa betri usiku na mchana, na kimoja ni kile kidhibiti cha breki za ABS, zile zinazozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga ghafla, kilicho chini ya boneti. Katika magari mengi ya Hyundai na Kia yaliyoitwa, mafuta ya breki yaliweza kuvuja ndani ya kidhibiti hicho, umeme ukapiga shoti, moto ukaanza. Mwaka 2023 kampuni hizo ziliita zaidi ya magari milioni 3 Marekani kwa kasoro hiyo, na wenye magari wakaambiwa wayaegeshe nje, mbali na nyumba. Tiba iliyotangazwa ilikuwa kubadilisha fyuzi. Ndogo, naam, lakini usifungiwe fyuzi ya kuokota. Lazima iwe ile iliyotajwa na kiwanda.

Wenye Chevrolet Bolt, gari la umeme, nao waliambiwa hivyo hivyo mwaka 2021 kwa ajili ya kasoro ndani ya seli za betri. Barua ikisema nje, ni nje, hata mvua ikinyesha.

Kampuni inayoita magari yake kila mwaka si mbovu? Nataka kununua ile isiyowahi kuita.
*Mnunuzi makini*

Ndugu, mimi ningeiogopa hiyo isiyowahi. Gari lina maelfu ya vipuri kutoka kwa watengenezaji mbalimbali, kasoro haikosekani. Swali ni nani anasema.

Mwaka 2000 Mitsubishi Motors ilikiri kwamba kwa zaidi ya miaka 20 ilikuwa ikiificha serikali ya Japani malalamiko ya wateja, na kurekebisha magari kimyakimya. Januari 2002, mjini Yokohama, tairi la lori lililotengenezwa na kampuni hiyo lilichomoka likamuua mama aliyekuwa akitembea na watoto wake wawili. Kampuni ililaumu matunzo ya mwenye lori. Miaka miwili baadaye ilikubali kwamba habu, ile sehemu inayobeba gurudumu, ilikuwa na kasoro. Fikiria mwenye lori alivyoishi miaka hiyo miwili akibebeshwa kifo kisicho chake.

Kwa hiyo usihesabu mara ambazo kampuni imeita. Tazama iliita mapema au baada ya misiba, na kama spea zipo.

Mfuko wangu wa hewa ulifumuka kwenye ajali. Fundi amepata usukani kamili, na mfuko wake, kutoka gari lililokatwa spea. Bei ni nafuu. Niufunge?
*Dereva wa familia*

Usukani funga ukitaka, mfuko wake hapana. Gari lililokatwa halina tena wa kupelekewa barua, na mitungi iliyoitwa imekuwa ikitoka kwenye magari ya ajali na kuingia kwenye magari mazima. Hapo hata namba yako ya chesisi haitakusaidia: orodha itasema gari lako ni salama, kwa kuwa inalijua kwa mtungi liliozaliwa nao.

Muulize fundi namba ya chesisi ya gari lililotolewa. Kama hana, mazungumzo yameishia hapo. Kama anayo, peleka kwa wakala, na hata jibu likiwa zuri bado nakushauri mfuko mpya wa kiwanda. Ukishindwa bei kwa sasa, mkanda ufungwe na kila mtu kila safari, sogeza kiti chako nyuma kadiri miguu inavyoruhusu, na usikubali kufungiwa kifuniko kitupu chenye taa iliyodanganywa isiwake, maana siku utakapoliuza gari hilo mnunuzi ataamini kuna mfuko mle ndani.