Kununua nyumba ya kupangisha Houston ukiwa Dar es Salaam

Ndugu, umeuliza iwapo wewe, raia na mkazi wa Tanzania usiye na viza, unaweza kununua nyumba ya kupangisha Houston. Unaweza, ingawa hati ya nyumba haikupi haki ya kuishi Marekani.

Uzito uko kwenye kodi. Usipochukua hatua, serikali kuu ya Marekani hutoza asilimia 30 ya pango lote bila kuondoa gharama; mpangaji akilipa dola 2,000 kwa mwezi, 600 ni za kodi hata kama mwezi huo umeezeka paa upya. Kwa hiyo omba namba ya mlipakodi, ITIN, kisha kwenye ritani ya fomu 1040-NR uchague kutozwa kwa faida halisi, baada ya kuondoa riba, bima, matengenezo na uchakavu. Siku ya kuuza, mnunuzi kwa kawaida huzuia asilimia 15 ya bei, si ya faida, na kuiwasilisha IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Kilichozidi utakidai kwa ritani.

Texas haitozi kodi ya mapato ya mtu binafsi, lakini kodi yake ya majengo ni kali, jambo ambalo madalali hulipitia haraka.

Ninachokihofia zaidi ni kodi ya mirathi, inayotozwa mwenye mali akifariki: asiye raia wala mkazi husamehewa dola 60,000 tu za thamani ya mali iliyoko Marekani, na kiwango cha juu hufika asilimia 40. Muundo wa umiliki uamuliwe na mwanasheria wa huko kabla hujasaini. TRA nako utangaze mapato hayo, ukiomba nafuu kwa kodi iliyokwisha kulipwa nje.